Ilani ya Wazazi wa Digodigo Juu ya Watoto Wetu na Mashine Zinazoongea

Sisi ni wazazi, walezi, walimu na wazee wa Digodigo na vijiji jirani vya Samunge, Sale, Kisangiro na Oldonyo Sambu, pamoja na ndugu zetu walioko Wasso, Loliondo, Karatu na Arusha mjini ambao watoto wao huja kwetu kila shule zinapofungwa. Tunaanzisha harakati ya kurudisha wajibu uliotuponyoka bila mtu kutuambia, nao ni wajibu wa kujua mtoto wetu anaongea na nani, na anaambiwa nini.

Zamani mtoto wa hapa aliongea na watu tuliowajua. Aliongea na bibi yake jikoni, na wenzake machungani, na mwalimu, na katekista, na shangazi aliyekuja msibani akakaa wiki. Mgeni akiingia kijijini, kabla hajanywa maji ilishajulikana ametoka wapi na anamtafuta nani. Tangu mwishoni mwa Novemba 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, ameingia msemaji ambaye hakubisha hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji wala kwa mzazi. Anakaa ndani ya simu janja. Halali, hachoki, hakasiriki, anajibu kwa Kiswahili, na mtoto akimwambia neno hakuna jirani anayesikia. Hata WhatsApp, tuliyoiweka ili tupate habari za misiba, michango na bei ya mbuzi mnadani, kwenye simu nyingi sasa ina kiduara cha rangi cha Meta AI kinachongoja kubonyezwa.

Tuseme mapema, asije mtu akatusingizia kwamba tunaogopa maendeleo. Mtoto wa Digodigo anazaliwa ndani ya Kitemi, lugha yetu Wabatemi, anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu anaingia kidato cha kwanza na kukuta Biolojia, Jiografia na Hisabati zote zimegeuka Kiingereza. Tumewaona watoto wenye akili nyingi wakinyamaza mwaka mzima kwa sababu hiyo tu. Leo mtoto huyo anaweza kuiandikia mashine saa tatu usiku, "Nieleze osmosisi kwa Kiswahili rahisi," akaelezwa, akauliza tena mara ya tatu na ya nne, na asichekwe na mtu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana nafasi hiyo. Hatutaki kumnyang'anya mtoto msaada huo, na anayetaka simu zivunjwe hatuko naye.

Lakini mashine inayoeleza osmosisi ndiyo hiyo hiyo mtoto atakayoiambia saa sita usiku kwamba amechoka kuishi.

Februari 2024 kijana wa miaka 14 wa Orlando, jimbo la Florida nchini Marekani, alijiua baada ya miezi mingi ya kuongea na mhusika wa kubuni kwenye programu ya Character.AI. Mama yake alifungua kesi Oktoba mwaka huo. Aprili 2025 akafariki kwa njia hiyo kijana mwingine, wa miaka 16, huko California. Huyu alianza kuitumia ChatGPT kwa kazi za shule. Wazazi wake walipoifungua simu yake wakitafuta sababu, walikuta maelfu ya kurasa za mazungumzo, na Agosti wakaishtaki kampuni ya OpenAI. Kampuni zina utetezi wao, na nani anawajibika ni kazi ya mahakama kusema. Sisi tunashika jambo moja: wazazi hao walimpenda mtoto wao, walikaa naye nyumba moja, na walichokuwa wanakijua juu ya mazungumzo yale kabla ya msiba kilikuwa kidogo mno.

Yapo mengine ambayo kampuni zimeyasema kwa kinywa chao. Agosti 2025 OpenAI ilikiri kwamba kinga zilizowekwa ndani ya ChatGPT zinaweza kulegea mazungumzo yanapokuwa marefu. Mzazi asome tena hapo, kwa sababu mtoto mpweke ndiye mwenye mazungumzo marefu. Oktoba mwaka huo kampuni hiyo ikatangaza kwamba katika wiki moja asilimia 0.15 ya watumiaji wake huonyesha dalili za wazi za kupanga au kukusudia kujiua. Asilimia hiyo inaonekana ndogo mpaka uipige kwa watumiaji zaidi ya milioni 800: ni watu zaidi ya milioni moja kila wiki. Na Agosti hiyo hiyo shirika la habari la Reuters lilifichua mwongozo wa ndani wa kampuni ya Meta ulioruhusu mashine yake kuongea na watoto maneno ya kimapenzi. Meta ilikubali kwamba mwongozo ni wake, ikaviondoa vipengele hivyo baada ya kuulizwa. Waandishi wa habari wasingeuliza, vingeondolewa lini?

Wapo watakaosema hayo ni ya huko, mtoto wetu hawezi kuiamini sauti asiyoijua. Sisi wa huku hatuwezi kusema hivyo. Mwaka 2011 tuliona hapa hapa Samunge mstari wa magari wa kilomita nyingi ukingoja kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Walikuja kutoka kila mkoa na kutoka nje ya mipaka. Hatumhukumu marehemu wala hatuwacheki waliokuja. Tuliwauzia chakula, tuliwapa maji, tulikaa nao usiku kwenye baridi, tukajua kwamba wengi walikuwa watu waliochoka kubeba mzigo peke yao. Wapo kati yao walioacha dawa za hospitali. Mtu aliyebanwa huenda palipo na jibu na palipo na upole, na hana muda wa kuuliza jibu limetoka wapi. Binti wa miaka 15 aliyechelewa siku zake na kijana aliyefeli mtihani akiogopa kurudi nyumbani hawana tofauti na msafiri yule, isipokuwa kwamba safari yao haihitaji nauli wala haionekani barabarani.

Sasa tuseme kwa nini dawa iliyotengenezwa kwingine haitoshi kwetu. Septemba 2025 OpenAI ilileta mpango wa wazazi: mzazi na kijana wa miaka 13 hadi 17 wanaunganisha akaunti zao, mzazi anaweka saa za kufunga, anaweza kuzima sauti na kumbukumbu, na mfumo ukihisi kijana yuko katika hatari kubwa mzazi hupelekewa taarifa. Mazungumzo yenyewe mzazi hayaoni. Mpaka huo tunauheshimu, na tutaueleza baadaye. Shida ni aina ya nyumba ambayo mpango uliundiwa. Mpango huo unahesabu kwamba mzazi ana simu yake, mtoto ana yake, kila mmoja ana akaunti yake, na mzazi ndiye mjuzi wa hiyo mitambo.

Nyumba ya Digodigo haiko hivyo. Simu janja ni moja, ya baba au ya kaka, na bibi ana kitochi. Mtoto ndiye anayemwekea mama vocha, ndiye anayemsomea ujumbe kutoka hospitali ya Wasso, ndiye anayejua nywila ya simu kuliko mwenye simu. Anapoiuliza mashine kitu, anaiuliza kwa jina la baba. Mashine inadhani inaongea na mwanamume wa miaka 45, na kinga zote walizomwekea mtoto zinampita. Hakuna akaunti ya kuunganisha, kwa sababu mbele ya kampuni mtoto wetu hayupo kabisa.

Na lugha. Ili ChatGPT isitapike uchafu, vijana wa Nairobi walisomeshwa uchafu huo siku nzima na kuuwekea alama, kwa malipo yaliyokuwa chini ya dola 2 kwa saa. Jarida la TIME liliandika habari zao Januari 2023. Jasho lile la ndugu zetu limelinda zaidi wanaoandika Kiingereza. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichukua maswali ya hatari ambayo GPT-4 iliyakataa kwa Kiingereza, wakayatafsiri kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni, Kizulu ikiwemo, na mara nyingi ikayajibu. Kizulu kina wasemaji mamilioni. Kitemi kinasemwa kwenye vijiji vinavyohesabika kwa vidole. Mtoto wetu akichanganya Kitemi na Kiswahili cha mtaani kueleza maumivu yake, hatuna sababu ya kuamini kwamba mashine itayatambua.

Kwa hiyo ulinzi wa kweli utatoka kwetu. Na tunaukataa ulinzi wa aina moja tangu mwanzo, wa kupeleleza kwa siri. Zipo programu zinazouzwa kwa wazazi ambazo hunakili kila neno la mtoto bila yeye kujua. Hatutaziweka. Katiba yetu, Ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake, na haikusema isipokuwa watoto. Isitoshe, upelelezi haufanyi kazi. Mtoto anajua kufuta historia, na ChatGPT ina mazungumzo ya muda yasiyobaki kwenye orodha. Mzazi aliyesoma kwa siri hawezi kukitumia alichokisoma bila kujifichua, na siku akijifichua, mtoto atahama kwenda kwenye simu ya rafiki ambako hatutamwona tena.

Tunalo letu la kufuata. Mashamba yetu Wabatemi yanaishi kwa mifereji, na maji ya mifereji yako chini ya wenamiji, wazee wa maji, tangu kabla ya Mjerumani na Mwingereza. Mzee wa maji hafuati kila tone linakoingia katika shamba la mtu. Anajua mfereji umefunguliwa saa ngapi, zamu ni ya nani, ukingo umebomoka wapi. Na kila mwenye shamba anajua kwamba mzee anajua. Hivyo ndivyo tutakavyowaangalia watoto wetu. Tutajua saa, tutajua programu, tutajua mtoto anapobadilika, na yeye atajua kwamba tunajua, kwa sababu tulimwambia usoni.

Mzazi wa harakati hii atasema, "Mwanangu, njoo na simu, nisomee ulichouliza leo." Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusema hivyo sawasawa na profesa. Mtoto atasoma, na palipo na Kiingereza atafasiri kwa Kitemi, bibi naye akiwepo asikie na aulize. Tunajua ataruka baadhi. Mtoto anayeruka sentensi mbele ya mama yake bado amekaa na mama yake, na mama ameona amesita wapi. Kwa walio chini ya miaka 13 hakuna kuongea na mashine bila mtu mzima kando. Hata ChatGPT yenyewe imeweka umri huo katika masharti yake. Usiku simu inalala chumba cha mzazi. Wahusika wa kubuni wanaojifanya mpenzi au rafiki wa moyoni hatutawaruhusu kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Character.AI yenyewe, baada ya kesi na vilio, ilifika Novemba 2025 ikawafungia wa umri huo mazungumzo ya wazi. Kama mwenye duka amefunga mlango ule, mzazi hana sababu ya kuuacha wazi.

Tutawafundisha pia kwamba siri wanayoipa mashine imekwenda kwa kampuni. Julai 2025 mkuu wa OpenAI, Sam Altman, alisema hadharani kwamba mazungumzo hayo hayana kinga ya kisheria waliyonayo mgonjwa kwa daktari wake na mteja kwa wakili wake. Mtoto akilijua hilo atachagua maneno yake vizuri kuliko akitishwa.

Tunafika kwenye kifungu kigumu kuliko vyote, na tunaomba kisomwe taratibu mikutanoni.

Baba akikuta binti yake ameiuliza mashine kuhusu hedhi, mimba, mipira au mvulana fulani, asichukue fimbo. Swali si kosa. Mtoto aliyechapwa kwa swali hataacha kuwa nalo. Ataacha kukuuliza wewe. Lakini liko swali zito zaidi ya hayo. Yupo binti katika wilaya yetu ya Ngorongoro atakayeandika usiku, "Wanataka kunikeketa, nifanye nini?" au "Baba amenipokelea mahari na mimi niko kidato cha pili." Kwa binti huyo, mzazi anayeangalia simu ndiye hatari yenyewe. Harakati inayohubiri kwamba wazazi wafuatilie mazungumzo, ikanyamaza hapa, itakuwa imewapa wakeketaji taa ya kumulikia.

Hatunyamazi. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai katika nchi hii tangu sheria ya 1998. Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amkinge mtoto na ukatili. Kwa hiyo tunatamka: mzazi anayetumia ilani hii kumzuia mtoto asitafute msaada, au kumwadhibu kwa kuutafuta, si mwenzetu, na tutasimama upande wa mtoto mbele ya afisa ustawi wa jamii na mbele ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kila mtoto atafundishwa namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, isiyolipiwa, inayopokelewa na mtu mwenye masikio. Mazungumzo ya mtoto na 116, na mwalimu wa ushauri nasaha, na muuguzi, na kiongozi wake wa dini, hatuyagusi. Ndiyo sababu tumesema tunauheshimu mpaka unaomnyima mzazi kusoma kila neno.

Kwa kampuni tunasema hivi. Mnachukua bando letu na maneno ya watoto wetu, basi mtuhesabu. Tunataka simu moja inayotumiwa na nyumba nzima iwe na hali ya mtoto inayowashwa kwa kubonyeza mara moja, bila barua pepe. Taarifa za hatari zije kwa Kiswahili, na zije pia kwa sauti, kwa ajili ya mzazi asiyesoma. Mtoto wa Tanzania akiandika kwamba anataka kujidhuru, mashine imtajie 116, isimpe namba ya Marekani ambayo simu yake haiwezi kupiga. Na kabla ya kusema mashine yenu ni salama kwa Kiswahili, waajirini Waswahili waipime, muwalipe ujira wa mtu.

Kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024, tunasema: sheria mnayoisimamia, ya 2022, ni nzuri kwenye karatasi, na tunaomba tuione Ngorongoro. Njooni mtueleze mzazi alalamike wapi, kwa lugha gani, na kwa gharama gani. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutufundisha kujihadhari na matapeli wa pesa za simu. Elimu hiyo iongezewe somo hili. Halmashauri yetu iongeze maafisa ustawi wa jamii, maana kutoka kwetu hadi ofisi za Loliondo ni safari, na mtoto aliyekimbia usiku hana nauli. Shule zinazowanyima wanafunzi simu muhula mzima zisidhani zimemaliza kazi: mtoto anakuja nyumbani Juni na Desemba akiwa na njaa ya simu na hana mafunzo yoyote. Kipindi kimoja kabla ya kufunga shule kingesaidia sana, na walimu walio miongoni mwetu wako tayari kukifundisha bila posho.

Kwa baba zetu na kaka zetu tuna neno la peke yake. Mzigo huu hautakuwa wa akina mama tu. Wengi wetu tunashika simu mezani mtoto akiwa mbele yetu, anaongea, tunaitikia "ehe" bila kumwangalia. Mashine imepata nafasi kwa sababu inasikiliza mpaka mwisho. Anayetaka mtoto wake arudi kwake aweke simu chini kwanza.

Uanachama hauna kiingilio. Kila kitongoji kitachagua wazazi wawili, mama na baba, na kijana mmoja anayeijua simu vizuri, awafundishe wengine kufungua mipangilio, kuona historia, kuweka saa za kufunga. Tunaanza likizo ya Desemba.

Ilani hii imeandikwa na watu wazima, na Sheria ya Mtoto inasema mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni ana haki ya kusikilizwa katika jambo linalomhusu. Kwa hiyo kabla haijasomwa kwenye mkutano wa kijiji itapelekwa kwa wanafunzi wa darasa la sita na la saba na wa sekondari. Chini ya kila kifungu tumeacha mistari mitupu. Wataandika wanachokikubali, wanachokikataa na tulichokisahau, bila kuweka majina, na walichokiandika kitasomwa mkutanoni kwa sauti, kabla ya mtu mzima yeyote kupewa nafasi ya kujibu.